Mikono ya Mama Koki, Sauti ya Daktari

Wenye nyumba wengi, walipomfungulia mlango kwa mara ya kwanza, walichungulia nyuma ya mgongo wake wakimtafuta fundi. Aliwaacha wachungulie mpaka waridhike. Kisha aliuliza tu, "Sinki liko wapi?" na kupita zake ndani na begi la spana begani, akiwaacha wameshika kitasa.

Alikuwa mama wa makamo, kilemba kimekazwa kichwani, na kucha zimepakwa rangi nyekundu ambayo alijisifia kwamba haibanduki kwa maji wala kwa gundi. Watu walimwita Mama Koki. Kazi ya ufundi bomba aliipata kwa mumewe, aliyekuwa akimchukua enzi hizo amshikie tochi. Kushika tochi kukawa kushika spana, na miaka michache kabla mzee hajafariki wateja walishaanza kuuliza kwenye simu, "Unakuja wewe au mkeo? Kama haikusumbui, aje mkeo." Mzee hakununa. Aliwajibu kwamba yeye sasa ni mbeba begi, na mbeba begi hachagui safari.

Video ya kwanza ilitokea kwa bahati tu. Mteja mmoja, muimbaji wa kwaya, alipiga simu huku anapiga kelele: maji yamejaa jikoni, viatu vinaelea. Mama Koki alikuwa upande mwingine wa mji, amelala chali chini ya sinki la watu.

"Funga koki kuu! Zungusha kulia!"

"Kulia kwangu au kulia kwa koki?"

Walibishana hivyo mpaka akaona wakiendelea atamkuta mteja juu ya dari. Akaiegemeza simu kwenye ndoo nyeusi aliyokuwa anakingia matone, akajirekodi mikono yake ikifunga koki, akaeleza hatua kwa hatua, akatuma. Jikoni kukakauka. Muimbaji akaituma video ile kwa kwaya nzima, kwaya ikaituma kwa ndugu zao, na haukupita muda mrefu Mama Koki akawa anasimamishwa dukani na watu asiowajua: "Samahani mama, hizo kucha si za yule wa kwenye video?"

Basi akafungua ukurasa mtandaoni, akauita Koki Haivuji. Uso wake hakuuonyesha hata siku moja. Alisema watu wanataka kuona koki, hawataki kuona mashavu. Walichopata ni mikono miwili na mdomo usiofunga breki. "Huu mpira mdogo hapa ndani ndio mkorofi. Umezeeka, umekunjamana, lakini hautaki kustaafu. Mstaafishe." Watu walicheka, wakajifunza, wakawatumia wenzao.

Mtu pekee ambaye ukurasa ule ulimnyima raha alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Waliishi ua mmoja, mlango kwa mlango, wakigombana na kulishana. Wifi alikuwa fundi katika duka la simu: anabadilisha vioo, anahamisha picha na namba kutoka simu mfu kwenda simu hai. Mgeni akiuliza, "Samahani, hapa kuna wifi?" Mama Koki hujibu, "Yupo jikoni, lakini leo kanuna, usijiunganishe."

Jioni moja walikuwa wanamenya vitunguu kibarazani, wifi akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nenosiri lako ni lipi?"

"Si ulisema nenosiri halitajwi?"

"Sitaki kulijua. Nataka kuona kama nimelikisia. Ni mamakoki, halafu moja mbili tatu."

Kisu cha Mama Koki kikasimama katikati ya kitunguu. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Sasa kama mimi nimelipata huku natokwa na machozi ya vitunguu, mwizi aliyetulia kwenye kiti chake atashindwa?"

"Mwizi atafuata nini kwangu, wifi? Video ya mpira wa koki?"

"Atafuata watu wanaokuamini. Angalau weka ule uthibitisho wa hatua mbili."

"Kwa magoti haya? Hata hatua moja naibembeleza."

Wifi alitikisa kichwa na kuendelea kumenya. Maneno yake yalikuwa yameingia sikio hili yakatokea lile, na wote wawili walijua.

Mambo yalianza kubadilika kwenye saluni. Mwenye saluni alimwita kwa sababu beseni la kuoshea nywele lilikuwa linachuruzika. Alipofika, maji yalikuwa yameshatapakaa mpaka kwenye viti vya wateja, na mwenye saluni ameweka taulo zake zote sakafuni.

"Usinigombeze," mwenye saluni alisema kabla hata ya salamu. "Nilijaribu mwenyewe kwanza. Nilimfuata Daktari wa Mabomba."

"Daktari gani?"

"Humjui? Ana wafuasi wengi huyo!" Akachukua simu yake, akamwonyesha.

Kwenye kioo kulikuwa na ndoo nyeusi. Kulikuwa na mikono miwili yenye kucha nyekundu, inafunga koki taratibu, kwa ustadi. Na juu ya mikono hiyo ilinguruma sauti nzito ya kiume: "Wapendwa watazamaji, mimi Daktari wa Mabomba, kwa uzoefu wangu mkubwa katika fani hii, nawaelekeza mzungushe upande wa kushoto."

Kina mama waliokuwa wamekaa chini ya mashine za kukaushia nywele wakainua vichwa. Wakaangalia simu. Wakaangalia mikono ya Mama Koki. Wakaangalia simu tena.

"Daktari anapaka rangi?" mmoja akauliza.

"Labda ni daktari wa kisasa," mwenzake akajibu, na saluni nzima ikaangua kicheko.

Mama Koki naye alicheka, ila kicheko kilimkwama katikati. Alirudia video ile mara ya pili. Mkono wake ulikuwa unazungusha kulia, mdomo wa yule bwana unasema kushoto. Hata alichokuwa anakiiba hakukielewa. Na mwenye saluni, mtu mwenye kusikiliza zaidi kuliko kutazama, alikuwa amezungusha kushoto kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana taulo zilikuwa sakafuni.

Alilitengeneza beseni huku damu inamchemka. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa Daktari, akampa vidonge vyake. Daktari akafuta maneno yake, kisha akamzuia asiuone ukurasa. Mama Koki akarudi kwenye ukurasa wake mwenyewe, akalalamika hadharani: nimeibiwa video, mikono ni yangu, kucha ni zangu, nifanyeje?

Kesho yake asubuhi akapata jibu.

Ujumbe ulikuja akiwa chini ya sinki la ofisi moja, spana mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Ulikuwa na nembo yenye ngao na ulitoka kwa kitu kilichojiita Idara ya Ulinzi wa Maudhui. "Mheshimiwa Mtengeneza Maudhui," ulianza. Mama Koki hakuwahi kuitwa mheshimiwa maisha yake yote. Kichwa kilimvimba kidogo mle chini ya sinki. Idara ilisema imesikitishwa na wizi aliofanyiwa, na iko tayari kumfuta mwizi leo hii hii. Kinachotakiwa ni mheshimiwa kubonyeza hapa, kuthibitisha kwamba akaunti ni yake.

Akabonyeza. Ukurasa uliofunguka ulifanana kabisa na ule aliouzoea. Akaandika jina, akaandika nenosiri. Papo hapo simu ikapokea tarakimu za kuruhusu kifaa kipya kuingia, pamoja na onyo: usimpe mtu yeyote tarakimu hizi. Alilisoma onyo lile vizuri. Akafikiri. Akaamua kwamba idara siyo mtu, akaziandika.

Alasiri mwenye saluni akampigia.

"Mama Koki, hongera kwa biashara mpya."

"Biashara ipi?"

"Chai ya kukata kitambi! Naona umeijaza ukurasa mzima. Ila picha uliyoweka si yako, huyo dada hana kitambi hata cha kukopa."

Alijaribu kufungua ukurasa wake. Haukufunguka. Alijaribu tena na tena, na kila mara aliambiwa nenosiri si sahihi, kwa upole uleule, kama mlinzi aliyekariri sentensi moja. Akakaa juu ya begi lake la spana kwenye ngazi za ile ofisi, watu wanampita na mafaili yao, na kwa mara ya kwanza tangu ampoteze mumewe alijiona mjinga asiye na wa kumuuliza. Tena wa kumuuliza alikuwapo, ila ndiye huyo ambaye hakutaka kumwona. Alishaanza kuisikia sauti ya wifi ikisema, "Nilikwambia." Alifikiria hata kuingia nyumbani kwa njia ya nyuma.

Isingesaidia. Alipofika, wifi alikuwa amesimama mlangoni kwa Mama Koki, sare ya duka bado mwilini, simu mkononi.

"Nimepata ujumbe kutoka kwako," alisema. "Umeniita 'mpendwa'. Nikajua moja kwa moja si wewe."

Mama Koki akanyoosha mkono kuiomba simu, wifi akaendelea kuisoma.

"Unasema umeshinda zawadi, unataka tugawane, nikutumie tarakimu zilizoingia kwenye simu yangu. Umempa mtu tarakimu, wifi?"

"Ilikuwa idara," Mama Koki alisema kwa sauti ndogo, na machozi yakamtoka bila kitunguu.

Alisubiri kusemwa. Wifi akamvulia begi begani, akamkalisha, akamletea maji. "Dukani kwetu wanakuja watu wa kila aina," alisema. "Wakili alikuja analia, mwalimu alikuja analia, juzi kaja mtu wa benki. Sijaona mjinga hata mmoja. Naona watu wenye haraka, na watu wenye hasira. Wewe ulikuwa na vyote viwili. Kunywa maji. Kwanza tuwaokoe watu, akaunti baadaye."

Wakaanza kupiga simu, kila mmoja na yake, kwa wateja wote ambao Mama Koki alikuwa na namba zao. Mwenye saluni aliipokea kazi ile kwa furaha: ilipofika saa ya kufunga, hakuna kichwa kilichotoka saluni kwake bila kujua kwamba Koki Haivuji imetekwa. Muimbaji wa kwaya alipopokea simu alisema, "Ah, mheshimiwa mshindi! Ndio nilikuwa nakutumia zile tarakimu, zimebaki mbili."

"Ziache hizo mbili!" Mama Koki alifoka mpaka wifi akaruka. "Futa zote! Mimi sijashinda kitu, nimeshindwa!"

Walipomaliza, sauti zimewakauka, wifi akavuta meza. Yule tapeli alikuwa ameshabadilisha namba ya simu kwenye akaunti. Ilibaki njia moja: barua pepe ya zamani iliyotumika kuufungua ukurasa. Mitandao mingi, mtu akibadilisha mambo hayo, hutuma taarifa kwenye anwani ya zamani, yenye nafasi ya kukataa.

"Barua pepe yako ni ipi?"

"Alinifungulia kaka yako nilipopata simu hii. Sijawahi kuigusa. Nenosiri lake alikwenda nalo."

Wifi akajaribu bila nenosiri. Mashine ikauliza swali ambalo marehemu aliliweka mwenyewe: Jina la utani la dada yako mlipokuwa watoto?

Wifi akajikuna shingo. Akaangalia dirishani.

"Wifi," Mama Koki alisema, "mko wangapi madada?"

"Niko peke yangu."

"Sasa?"

"Geuka kule, niandike."

"Sigeuki."

Wifi akapumua kwa nguvu. "Chura."

"Chura?"

"Nilikuwa na macho makubwa na nilikuwa siwezi kutembea, naruka tu. Aliniita hivyo yeye peke yake. Nililia nikamsemea kwa mama, ndipo akaniapia kwamba hatamwambia binadamu yeyote."

"Na hakumwambia binadamu," Mama Koki alisema. "Kaiambia kompyuta."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wifi akaandika Chura, na barua pepe ikafunguka.

Ndani mlikuwa na matangazo yaliyorundikana bila msomaji. Juu kabisa ilikuwako ile taarifa waliyokuwa wanaitafuta. Chini kabisa, wifi aliposhusha kidole kwa udadisi, kulikuwa na ujumbe wa kwanza kuwahi kuingia, ambao marehemu alijitumia mwenyewe: "Jaribio. Mke wangu anasema haitafika."

Mama Koki aliugusa kwa ncha ya kidole, kana kwamba unaweza kumwagika. "Imefika," alisema, akapangusa macho kwa ncha ya kilemba, na wifi akajifanya anatafuta chaja.

Taarifa ile nayo ilikuwa na sehemu ya kubonyeza. Mama Koki aliirukia. Wifi akamshika mkono. "Sasa ndiyo tunajifunza. Kwanza angalia anwani ya aliyetuma, herufi kwa herufi. Nembo kila mtu anaweza kuibandika." Wakaisoma pamoja, wakailinganisha na ile ya Idara ya Ulinzi wa Maudhui, ambayo ukiitazama kwa utulivu ilikuwa mchanganyiko wa herufi na tarakimu kama mtu aliyeangukia kibodi. Hii ya sasa ilikuwa ya kweli. Wakabonyeza. Wakaulizwa hili na lile, wakajibu, wakasubiri. Ukurasa ukarudi, umejaa chai ya kitambi mpaka pomoni.

Kuifuta chai ile ilikuwa kazi ya furaha. Nenosiri jipya wifi alikataa kulisikia. "Tunga sentensi ndefu ya kipuuzi, isiyo na jina lako wala koki, na usiitumie mahali pengine popote. Mimi natoka nje." Kutoka huko nje alimsikia mwenzake anacheka peke yake kwa muda mrefu, akajua kwamba sentensi imepatikana. Uthibitisho wa hatua mbili nao ukawekwa, magoti yakakubali.

Akabaki Daktari. Safari hii hakuna aliyekwenda kutukana. Video asilia zote zilikuwa bado kwenye simu ya Mama Koki, ndefu kuliko zile alizozitoa, zenye kikohozi, zenye mteja anayepita nyuma, zenye yeye mwenyewe akiuliza kama simu imeanza kurekodi. Wifi akazinakili mahali salama. Wakapeleka malalamiko kwa wenye mtandao kupitia sehemu yenyewe ya malalamiko, wakiambatanisha kila video na asili yake. Nyingi zilishushwa. Chache zilibaki, zile ambazo Daktari alikuwa amezigeuza kushoto kulia, kama kwenye kioo, ili zisitambulike, na kwa kweli hizo ndizo pekee ambazo maelezo yake yaliendana na mkono.

Halafu Mama Koki akafanya jambo alilolikataa siku zote. Aligeuza simu, akaiegemeza kwenye ndoo, akajitazama kwenye kioo chake mwenyewe kwa mashaka. "Haya," alisema, "hii mikono ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu. Na haya ndiyo mashavu." Tangu hapo kila video ilianza na uso wake, na jina la ukurasa likaandikwa katikati kabisa, juu ya bomba lenyewe, ambapo anayetaka kulikata lazima akate na bomba. Watu walifurahia mashavu kuliko alivyotegemea. Mwenye saluni alisema kilemba kimemkaa vizuri, akadai ni kazi yake.

Daktari alifunga duka. Siku si nyingi wifi akamwita Mama Koki mbiombio. "Njoo usikie sauti." Kwenye simu kulikuwa na banda la kuku, mikono membamba inachanganya chakula, na ile ngurumo wanayoijua: "Wapendwa watazamaji, mimi Profesa wa Kuku, kwa uzoefu wangu mkubwa..."

"Hiyo mikono ya nani sasa?" Mama Koki aliuliza.

Walitafuta mpaka wakampata: mama mmoja mfugaji, mwenye ukurasa mdogo, kuku wengi, na uso asiouonyesha. Mama Koki alishikwa na huruma, akamwandikia papo hapo. Alimwamkia vizuri, akamweleza kwamba anaibiwa, kwamba yeye mwenyewe yalimpata, na kwamba yuko tayari kumsaidia kama atampa namba yake ya simu.

Jibu lilikuja haraka. "Sikujui. Namba yangu simpi mtu nisiyemjua, nenosiri simpi mtu, na tarakimu simpi mtu wala idara. Tafuta mjinga mwingine." Kisha akamzuia.

Mama Koki alirudia kuusoma ujumbe ule tangu mwanzo. Wifi alisoma begani kwake, akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Kanitukana!" Mama Koki alisema.

"Kakutukana vizuri sana. Nani kamfundisha huyu? Ningempa kazi dukani."

"Sasa tunamwachaje aibiwe?"

"Tunamwandikia kwa ukurasa wangu. Na safari hii hatuombi namba. Tunamtumia tu zile video mbili, yake na ya Profesa, ajionee mwenyewe."

Wakatuma. Walikuwa bado wanabishana kama waongeze salamu au wasiongeze, mfugaji wa kuku akajibu kwa mstari mmoja: "Huyu mwanaume na hicho kidomo chake, ndiyo kwanza namsikia. Karibuni tuongee, lakini leteni namba yenu, mimi ndiye nitakayepiga."